Kundi lenu halitavunjwa na njaa, litavunjwa na kibao

Nikuulize swali, na simu iweke chini usije ukakimbilia Google. Ule wimbo wa maamkizi, ule ambao mtalii akifika hoteli za Bamburi, Shanzu au Diani anapigiwa kabla hata mizigo yake haijashushwa, ule wa "hakuna matata", ni wa nani?

Juzi niliwauliza masela wangu maskani, huku kwetu Kisauni. Wa kwanza akajibu kwa kujiamini kabisa: "Wa Boney M." Wa pili akasema ni wimbo wa zamani tu, hauna mwenyewe, kama zile nyimbo za kumtoa bibi harusi ndani. Wa tatu, anayejiona msomi wa baraza letu, akasema ni wa ile katuni ya simba. Watatu wote wamezaliwa na kukulia karibu na ufuo ambako wimbo huo umelisha wanamuziki miaka nenda miaka rudi. Na watatu wote wamekosa.

Wimbo unaitwa Jambo Bwana. Aliutunga Teddy Kalanda Harrison, na bendi yake, Them Mushrooms, ikautoa mwaka 1982. Hawa ni Wapwani wenzetu, ndugu wa familia moja waliokuwa wakipiga muziki katika hoteli za ufuoni Mombasa. Boney M. waliutolea toleo lao mwaka mmoja baadaye. Katuni ya simba ilikuja 1994, na wimbo wake wa Hakuna Matata ni mwingine kabisa, wa Elton John na Tim Rice.

Teddy alifariki Septemba 2024. Siku ile nilipita mitandaoni nikaona watu wakiandika, "Kumbe aliyetunga alikuwa hai muda wote huu?" Mwanangu, hiyo sentensi ilinichoma. Ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu wewe unayesoma hapa, ikiwa una kundi Likoni, Changamwe au huku Kisauni, mnarekodi kwenye chumba kimoja chenye magodoro ukutani, kuna jambo nataka mlijue kabla kibao chenu hakijatoka. Baada ya kutoka mtakuwa mmechelewa.

Bendi mbili za ndugu

Tuanze na mwaka mmoja: 1972.

Mwaka huo, Mombasa, ndugu wa familia ya Harrison wanaanza kujiita Them Mushrooms. Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, California, bendi ya rock iitwayo Creedence Clearwater Revival inavunjika. Nayo ilikuwa na ndugu ndani: John Fogerty na kaka yake Tom, pamoja na marafiki zao wawili wa shule, Stu Cook na Doug Clifford.

Najua wengi wenu rock hamtaki hata kuisikia. Lakini Proud Mary unaujua, angalau kwa sauti ya Tina Turner. Basi huo ni wao, umetungwa na John. Mwaka 1969 peke yake jamaa hawa walitoa albamu tatu. Mwaka mmoja, albamu tatu! Marekani walifika namba mbili kwenye chati ya nyimbo mara tano, na namba moja ya chati hiyo hawakuwahi kuigusa hata siku moja. Pesa ilikuwepo, jina lilikuwepo, na dunia nzima ilikuwa ikiwasikiliza.

Ni nini kilichowavunja? Ndicho kinachoyavunja makundi ya Mtongwe na Magongo.

John ndiye aliyekuwa akitunga, akipanga ala, akiimba na kuamua kila kitu. Wenzake wakaanza kuuliza, na sisi je? Tom akachoka akaondoka 1971. Waliobaki wakatoa albamu ya mwisho ambapo kila mmoja alipewa nafasi ya kutunga, ikapondwa vibaya, na Oktoba 1972 wakafunga duka. Wakati kundi linavunjika ndipo John alipoonja uchungu wa mkataba waliousaini na kampuni ya Fantasy wakiwa vijana wasiojulikana. Haki za nyimbo zake zilikuwa za kampuni. Ili aachiliwe huru ilibidi asalimishe hata mirabaha yake.

Sikiliza kilichofuata. Kwa miaka mingi John alikataa kuimba nyimbo zake mwenyewe jukwaani, kwa sababu kila akiziimba alikuwa akimtajirisha mtu aliyekosana naye. Miaka ya themanini alipotoa wimbo mpya, kampuni ikamshtaki kwamba ameiba wimbo wa zamani wa John Fogerty. Yaani alishtakiwa kwa kujiiba! Ilibidi apande kizimbani na gitaa, aeleze baraza la mahakama jinsi anavyotunga. Alishinda mwaka 1988. Lakini kaka yake alifariki 1990 bila wawili hao kupatana sawasawa. Na mwaka 1993, siku bendi ilipoingizwa katika jumba la heshima la rock, John alikataa kupanda jukwaani na wenzake wawili waliobaki.

John alipata sehemu kubwa ya haki za nyimbo hizo Januari 2023, akiwa na miaka 77. Fanya hesabu mwenyewe: kijana alisaini, na babu ndiye aliyekuja kukomboa.

Uyoga uliovumilia jua

Sasa rudi kwetu. Usinielewe vibaya, sisemi Them Mushrooms walitembea juu ya zulia. Bendi ya hoteli ni kazi ngumu. Unapiga usiku baada ya usiku kwa watu wanaokula na kupiga soga, na kesho kuna ndege nyingine ya wageni wanaotaka kusikia vilevile. Hao ndugu walianza na mapenzi ya reggae, wakaiingiza chakacha, wakachanganya na kila kilichopita mbele yao.

Jambo Bwana yenyewe ni somo la ujanja wa kibiashara. Ukiisikiliza, ni maamkizi ya kila siku tu, yale ambayo mgeni anataka kujifunza ili arudi kwao akajidai. Teddy aliyaona hayo kazini, akayapa mdundo. Wimbo ukauza nakala zaidi ya 200,000, na mwaka 1987 ukawapatia platinamu.

Lakini ndiyo hapo ninapotaka uangalie. Mwaka huohuo wa 1987, wakiwa juu kabisa, hawakukaa kuugombania wimbo mmoja. Walihamia Nairobi wakaanza upya kwa watu wasiotaka nyimbo za watalii. Walirekodi na Fadhili William, yule aliyerekodi Malaika. Walifanya kazi na Malika, mama wa taarab. Walifanya kazi na Queen Jane, aliyeimba Kikuyu. Miaka ya tisini Kenya nzima ikacheza Nyambura. Kuna kipindi walibadilisha hata jina wakajiita Uyoga, kisha wakarudi kwenye lile la zamani. Mwaka 2022 walitimiza miaka 50. Hebu nitajie kundi la juzi hapa mtaani lililotimiza hata mitano.

Na ilikuwa heri kwamba hawakuwa wameweka mayai yote hotelini. Watu wa Likoni hawahitaji kukumbushwa Agosti 1997. Ghasia zilipolipuka, wageni walikimbia, hoteli zikafunga milango, na wanamuziki walioishi kwa malipo ya usiku wakarudi nyumbani na magitaa yao. Ikaja 2008, tukaona tena. Zikaja zile tahadhari za usafiri za nchi za Ulaya, tukaona tena. Ikaja korona 2020, ukimya kabisa. Pwani muziki wa hoteli ni kama mvua, unaupanga wewe lakini unaletwa na wengine.

Sasa, kwa nini ndugu hawa hawakufika kule walikofika akina Fogerty? Siwezi kukwambia yaliyosemwa ndani ya nyumba yao. Ninachojua ni hiki: ukiuliza Jambo Bwana katunga nani, jibu ni moja, Teddy Kalanda. Jina lipo, na bendi inalisema hivyohivyo. Linganisha na Malaika. Wimbo huo umezunguka dunia, umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Angélique Kidjo, na Boney M. tena wamo. Lakini mpaka leo ukikaa na wazee utasikia mmoja akisema ni wa Fadhili William, mwingine akisema ni wa Adam Salim, na kila mmoja ana hadithi yake ndefu. Wimbo mtamu kuliko yote Afrika Mashariki, na mirathi yake ni ubishi.

Kosa langu

Hapa nitasema ukweli wangu, kwa sababu sitaki uone kama nakuhubiria nikiwa nimesimama pembeni.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na kundi la vijana watatu Mishomoroni. Majina siyataji. Mimi nilikuwa nawaandikia maneno ya mitandaoni na kuwapigia picha, malipo yangu chipsi na nauli. Wakatoa wimbo mmoja. Jamani, ule wimbo! Ulianza kwenye matatu za Kiembeni, ukavuka feri, nikausikia Likoni ukipigwa kwenye duka la simu. Tukaitwa kwenye harusi, tukaitwa kwenye mkutano wa mwanasiasa, doo zikaanza kuingia.

Siku moja mmoja wao, yule mtulivu aliyeandika kiitikio, aliniuliza: "Sasa hii tunagawana vipi? Tuandike basi." Mimi ndiye niliyemjibu. Nikamwambia, "Wacha mambo ya karatasi bana, sisi ni familia. Twende kazi kwanza."

Haikuchukua miezi minne. Chaneli ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe ya mmoja wao. Pesa za shoo ziliingia kwenye M-Pesa ya mwingine. Aliyetengeneza biti akaja na yake, akasema wimbo ni wake kwa sababu umetengenezwa kwenye kompyuta yake. Wa kiitikio hakuwa na kitu mkononi, hata neno la siri la akaunti hakuwa nalo. Siku waliyokosana walirushiana maneno mbele ya mama ya mmoja wao, aliyekuwa akiwapikia tangu hawana hata nauli ya kwenda studio. Leo hawasalimiani. Chaneli ipo, video ya mwisho ipo, na chini yake watu bado wanauliza, "Mko wapi?"

Njaa haikuwavunja, maana wakati wa njaa walikuwa wakigawana mahamri mawili watu wanne. Walivunjwa na kibao. Na mimi nilikuwepo, nikasema karatasi baadaye.

"Lakini sisi tunaaminiana"

Najua utakachonijibu, maana ndicho nilichosema mimi. Kuandikiana ni kutoaminiana. Ni mambo ya kizungu. Ni kuleta mkosi kabla ya riziki.

Si kweli hata kidogo, na mila zetu wenyewe zinakukanusha. Hapa Mombasa kijana akioa, hata kama binti ni wa mjomba wake, mahari hutajwa mbele ya mashahidi. Hakuna anayesema bwana harusi haaminiki. Ukipanga chumba Changamwe kwa mtu mliyesoma naye madrasa, bado atakuandikia risiti. Na kwa wale wanaosoma Kurani, aya ndefu kuliko zote ndani yake inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kama deni la kawaida baina ya waumini linaandikwa, wewe na washkaji zako wa studio ni nani mpaka muwe juu ya hilo?

Karatasi inaandikwa ili urafiki usibebeshwe mzigo usio wake. Rafiki anaweza kubeba ugonjwa wako na msiba wako. Asilimia za mirabaha hawezi kuzibeba kichwani, kwa sababu kila kichwa kinakumbuka kivyake.

Kuna jibu la pili, na hili nina heshima nalo zaidi: "Hata tukiandika, mirabaha yenyewe iko wapi?" Hapo hujakosea. Vyama vya kukusanya mirabaha nchini vimekuwa na mivutano isiyoisha, leo na bodi, kesho mahakamani, na msanii anapokea ujumbe wa malipo unaomtia aibu kumwonyesha mkewe. Hilo ni pambano letu sote na tusiliache. Lakini angalia kitu. Siku mambo yatakaponyooka, au siku kampuni ya filamu au ya matangazo itakapoutaka wimbo wenu, atakayelipwa ni mwenye jina. Hakimiliki ina maisha marefu kuliko kundi. Kwa sheria ya Kenya ilivyo sasa, inaishi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Teddy, hiyo inatufikisha mwisho wa 2074. Wajukuu wataikuta.

Na usipoliandika jina lako, usidhani nafasi itabaki wazi. Wakubwa wanajua thamani ya vitu vyetu. Disney waliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara ya nguo mwaka 1994, wakakubaliwa 2003. Maneno yako na yangu, ya kumtuliza mtu feri ikichelewa! Watu zaidi ya 100,000 walitia saini kulalamika mwaka 2018, lakini kelele zilikuja miaka kumi na mitano baada ya karatasi kupitishwa. Aliyeandika mapema alishalala usingizi wake.

Cha kufanya wiki hii

Hamhitaji wakili kuanza. Mnahitaji ukurasa mmoja wa daftari na kalamu, na muwe mmekaa pamoja bila hasira.

Andikeni nani katunga maneno, nani katoa sauti ya wimbo, nani katengeneza biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Zijumlisheni zifike mia. Andikeni rekodi yenyewe ni ya nani: yenu, ya mwenye studio, au ya wote, maana wimbo na rekodi yake ni mali mbili tofauti, na hapo ndipo wengi huanguka. Andikeni jina la kundi ni la nani mmoja akiondoka. Andikeni akaunti zote, na neno la siri lijulikane na watu wasiopungua wawili. Andikeni pesa za shoo zinaingia namba gani na zinagawanywa siku gani. Tieni saini, wekeni nambari za vitambulisho, kila mmoja apige picha aiweke kwenye simu yake. Halafu wimbo usajiliwe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Haki unayo tangu siku uliporekodi, ila cheti ndicho kitakachokutetea siku ya ubishi.

Saa moja tu. Ni muda mfupi kuliko foleni ya feri Ijumaa jioni.

Mkishindwa kukubaliana katika saa hiyo, hata hiyo ni faida. Mmejua mapema, bado hakuna pesa ya kugombania, na mnaweza kuachana mkiwa bado mnasalimiana.

Na sisi wasikilizaji tuna deni letu. Mwenye hoteli, wimbo ukipigwa ukumbini, mtangazaji wako ashindwe nini kusema ni wa Teddy Kalanda wa Them Mushrooms? DJ wa matatu, mwenye chaneli, wewe unayeweka sauti ya mtu kwenye video yako, andika jina. John Fogerty husimulia kwamba Bob Dylan ndiye aliyemzindua mwaka 1987, akamwambia asipoimba Proud Mary mwenyewe, dunia itadhani ni ya Tina Turner. Yeye alipata wa kumzindua. Teddy amezikwa, na maskani kwetu bado kuna mtu anaapa kwamba Jambo Bwana ni ya Boney M.

Yule kijana wa kiitikio nilikutana naye mwezi uliopita Kongowea sokoni, anauza viazi. Nikamwomba msamaha. Akacheka, akanipimia kilo mbili, akakataa pesa yangu. Kisha akaniuliza kama bado ninaandika. Nikamwambia ndiyo.

"Basi andika hiyo," akasema.